Safari ya visiwani: Hesabu kwanza, gunia baadaye

WAFANYABIASHARA wadogo wa Kasulu na Kibondo wanaolitamani soko la Unguja, Pemba na Mafia wana sababu nzuri. Watalii walioingia Zanzibar walizidi 600,000 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakapita 700,000. Aidha, sehemu kubwa ya chakula kinacholiwa huko hutoka Bara.

Kwa hiyo hakuna shaka kwamba soko lipo. Swali ni kama mtu aliye zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam anaweza kuzunguka visiwa vitatu akarudi nyumbani mtaji wake ukiwa salama. Jibu linategemea mambo matatu: njia, msimu na aina ya bidhaa.

Visiwa vitatu, njia mbili

Kwenye ramani, Pemba, Unguja na Mafia vimejipanga kama vituo vya basi, kutoka kaskazini hadi kusini. Wengi hupanga safari kwa kufuata mstari huo, na hapo ndipo fedha huanza kupotea.

Unguja na Pemba ziko katika njia moja. Boti ziendazo kasi hutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, kwa muda wa saa mbili hivi. Kutoka hapo kuna vyombo vya kwenda Mkoani, Pemba. Mafia ni safari nyingine kabisa. Kisiwa hicho kiko chini ya Mkoa wa Pwani, na boti zake hutoka Nyamisati, wilayani Kibiti, kwenda Kilindoni. Mwenye mzigo Unguja anayetaka kwenda Mafia hulazimika kwanza kurudi Dar es Salaam, kisha kufuata barabara ya kusini.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, hii ina maana kwamba Unguja na Pemba zipangwe pamoja, na Mafia isubiri mpaka kuwe na mnunuzi wa uhakika.

Msimu wa shamba na msimu wa wageni

Jambo la pili ni kalenda. Wageni huwa wengi kati ya Juni na Oktoba, na tena kati ya Desemba na Februari. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, hoteli nyingi hupunguza kazi na baadhi hufunga. Anayefika Nungwi au Paje na asali mwezi Mei hukuta milango iko nusu wazi.

Bahati nzuri, kalenda ya nyanda za juu za Kigoma haiko mbali na hiyo. Asali ya misitu ya miombo hurinwa kwa wingi mvua zinapokatika, hivyo mzigo wa Juni au Julai huwakuta wageni wakiwa wanaingia.

Maharage yana mteja mwingine. Yale yaliyopandwa Oktoba huvunwa Desemba na Januari, na mnunuzi wake mkuu visiwani ni familia inayojiandaa kwa Ramadhani. Mfungo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2027 unatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, mwaka 2028 mwishoni mwa Januari, na mwaka 2029 katikati ya Januari. Kwa maneno mengine, nafasi ya kuuza maharage mapya kabla ya mfungo ipo kwa miaka michache tu. Baada ya hapo Ramadhani itatangulia mavuno, na atakayefaidi ni mwenye akiba ghalani.

Bidhaa ipi ivuke bahari

Gunia moja la maharage hupakiwa na kushushwa mara nyingi: shambani, Kasulu au Kibondo mjini, Dar es Salaam, bandarini, Malindi, na hatimaye sokoni Darajani au Mwanakwerekwe. Likivuka tena kwenda Pemba, idadi hiyo huongezeka.

Hesabu yake ni rahisi. Kila shilingi 50 inayoongezeka kwa kilo ni sh 5,000 kwa gunia la kilo 100. Kwa magunia 20 ni sh 100,000. Bidhaa nzito yenye bei ndogo haihimili kuhamishwa kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Maharage yaende Unguja, yauzwe kwa jumla, na safari iishie hapo.

Asali ni tofauti. Ndoo ya lita 20 ina takriban kilo 28, na bei yake kwa kilo ni kubwa zaidi, kwa hiyo nauli hula sehemu ndogo ya thamani. Ikiwekwa kwenye chupa ndogo zenye lebo, inaweza kuuzwa Unguja na sehemu yake ikaendelea hadi Chake Chake. Hata hivyo, mkoba wa mnunuzi wa Pemba hufuata karafuu, ambayo mavuno yake hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka.

Lebo peke yake haitoshi. Mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO, ambayo humtambulisha TBS kwa ajili ya alama ya ubora. Zanzibar ina shirika lake la viwango, ZBS, na wakala wake wa chakula na dawa, ZFDA. Ni vyema kuuliza masharti yao kabla mzigo haujaondoka Kibondo, si baada ya kuzuiwa Malindi.

Bahari haina haraka

Julai huleta wageni, lakini pia ni mwezi wa upepo wa kusi. Mv Skagit ilizama Julai 18, 2012 ikielekea Unguja kutoka Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Mv Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi. Mamia ya watu walikufa. Kwa hiyo bajeti ya safari iwe na siku mbili au tatu za ziada za chakula na malazi, ili mtu asilazimike kupanda chombo kilichojaa kwa sababu tu fedha zinamwishia.

Kwa vikundi vya warina asali na wakulima, njia ya gharama nafuu ni kumtuma mwenzao mmoja akiwa na chupa chache na kilo chache za sampuli. Aonane na wauzaji wa jumla na wazabuni wa hoteli, na aulize swali moja mapema: malipo hufanyika lini? Hoteli nyingi hazilipi papo hapo. Kikundi kisichoweza kusubiri mwezi mmoja au miwili bila fedha yake kisiuze hotelini, hata kama bei inavutia. Bei ya Darajani inaweza kuwa ndogo zaidi, lakini ikilipwa taslimu humrudisha mtu Kasulu akiwa na nauli na mtaji wa msimu unaofuata.