Programu ya Kompyuta Ikaguliwe Kabla ya Kuwekwa

Mnunuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hutia mkono guniani na kupapasa mchanga kabla ya kutoa fedha. Ajabu ni kwamba programu ya kompyuta tunaipokea kwa yeyote mwenye flashi, tukaiweka papo hapo.

Wako wanaoilaumu flashi, mimi siafiki. Kupakua ni gharama, na shule kunakiliana programu zinazoruhusiwa si kosa. Kosa ni kutokagua nakala. Watengenezaji wengi hutangaza alama ya utambulisho iitwayo SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64, inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Ikibadilika biti moja tu, alama nayo hugeuka. Amri ya certutil katika Windows, au sha256sum katika Linux, huikokotoa. Mwalimu ailinganishe na ile ya tovuti ya mtengenezaji, wala si iliyomo katika flashi hiyo hiyo, kwani aliyechezea faili aweza kuchezea na alama.

Hatari haziishi hapo. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba programu ya xz ilitiwa tundu la siri na mmoja wa waliokuwa wakiitunza. Alama isingeyafichua hayo. Kwa hiyo nywila ya msimamizi ishikwe na walimu wawili, na wanafunzi watumie akaunti za kawaida.