Mtoto Ajuaye Mawe ni Mlinzi wa Nchi

Kila mwaka, tarehe 6 Oktoba, mataifa ya dunia huadhimisha siku ya mawe, udongo, milima na sura nyinginezo za ardhi. Siku hiyo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2021, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Huenda baadhi ya ndugu zetu wa jeshi na polisi wakauliza: siku ya mawe yatuhusu nini sisi, ambao jiwe kwetu ni kitu cha kujikinga nyuma yake wakati wa mapigano, au cha kupakwa chokaa na kupangwa kando ya njia ya kambini? Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu kwa ukamilifu, maana jibu lake lawagusa askari wenyewe, na zaidi lawagusa watoto wao.

Ikumbukwe kwamba Idara ya Jiolojia ya Uganda ni miongoni mwa idara za kale katika nchi hii. Iliundwa mwaka 1919, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Mwingereza E. J. Wayland, na tangu zamani makao yake yapo Entebbe. Katika makao hayo limo jumba la makumbusho la mawe na madini. Vilevile iko Makumbusho ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Kampala ya Kale, ikahamishiwa mlima wa Kitante mwaka 1954. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba taifa letu halina mahali pa kumfundishia mtoto habari za ardhi anayoikanyaga. Jambo la kujiuliza ni watoto wangapi wa kambi zetu wamewahi kupelekwa huko, na waliofika walifundishwa kwa namna gani.

Twauliza namna ya kufundisha kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtoto akipangwa mstari kama kuruta, akaamriwa anyamaze na asiguse kitu, atarudi nyumbani akiwa amechoka na hana alichojifunza. Katika majumba mengi ya makumbusho ya madini duniani imeonekana kwamba mtoto huyaelewa mawe kwa mkono kabla ya kuyaelewa kwa sikio. Ndiyo maana huwekwa meza ya mawe ya kushikwa, kupimwa na kukwaruzwa, na watoto huachwa wacheze, lakini mchezo huo una kanuni zake.

Tuchukue mfano wa ugumu wa mawe. Mwaka 1812 mtaalamu wa Kijerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kumi kwa ngazi, kuanzia lililo laini kuliko yote, ambalo ni talki, hadi almasi iliyo ngumu kuliko yote. Kanuni yake ni nyepesi: lililo gumu hulikwaruza lililo laini. Jasi, iliyo ya pili katika ngazi hiyo, hukwaruzwa kwa ukucha. Kalisiti, ambayo ndiyo hufanya mawe ya chokaa, ni ya tatu. Ukucha hauiwezi, lakini kisu chaiweza. Kwatsi ni ya saba, nayo hulikwaruza hata kioo cha chupa. Mtoto wa miaka minane, akipewa ukucha wake mwenyewe, kisu butu na kipande cha kioo kilichosuguliwa kingo, aweza kuyapanga mawe sita kwa daraja zao kama vile sajini anavyowapanga askari wake. Akimaliza kazi hiyo hataisahau maishani, maana hakuna aliyemwambia jibu; amelipata mwenyewe.

Mchezo wa pili ni wa rangi ya unga. Mtoto huchukua jiwe akalisugua juu ya kigae kisicho na mng'ao, kisha akatazama mstari uliobaki. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairaiti, jiwe ambalo hung'aa kama dhahabu na limewatia hasara watu wengi wenye tamaa, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Hapo mtoto hujifunza fundisho lipitalo mawe: ya kwamba mng'ao wa nje si ushahidi. Ni nani kati ya wapelelezi wetu wa polisi asiyependa mwanawe alijue hilo mapema?

Yako na mengine. Sumaku hulivuta jiwe lenye chuma cha namna fulani na kuliacha jingine lifananalo nalo. Jiwe la povu la volkano huelea juu ya maji, jambo ambalo huwafanya watoto wapige kelele za mshangao. Ulanga hubanduka karatasi kwa karatasi kama kurasa za kitabu. Kinywe huacha alama nyeusi mkononi, na mtoto hugundua kwamba kalamu yake ya risasi kumbe haina risasi ndani yake hata chembe, bali ina kinywe.

Na tukilitaja neno risasi, tulifikirie kidogo. Askari hulitamka kila siku, lakini si wote wanaokumbuka kwamba kwanza ni jina la madini, madini mazito yatokayo ardhini. Ganda la risasi nalo limefanywa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba hiyo tulikuwa tukiichimba wenyewe huko Kilembe, tangu reli ilipofika Kasese mwaka 1956 hadi kazi iliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bati limetoka Isingiro, wolframu imetoka Kigezi, chumvi imevunwa Katwe tangu enzi za mababu, na saruji imetengenezwa Tororo kwa mawe yaliyozaliwa na volkano iliyozimika zamani sana. Mtoto akionyeshwa mawe hayo pamoja na ramani ya nchi, huiona Uganda si kama orodha ya wilaya za kukariri, bali kama ghala ambalo yeye ni mmoja wa wenye funguo zake.

Hata mbingu zimetuletea mawe. Tarehe 14 Agosti 1992, mamia ya vipande vya kimondo vilianguka katika mji wa Mbale na viunga vyake. Kipande kimoja cha gramu chache kilipenya majani ya mgomba, kikapungua kasi, kikampiga mtoto wa kiume kichwani bila kumdhuru. Ni matukio machache sana ya namna hiyo yanayojulikana duniani, na hilo limetokea kwetu. Mtoto gani atasinzia akisimuliwa habari hiyo huku jiwe lifananalo na lile limewekwa mbele yake?

Lakini tusidhani kwamba jambo hili ni la kufurahisha watoto tu. Linayo sehemu nzito, na askari wetu waijua kuliko watu wote. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima Elgon iliporomoka huko Nametsi, Bududa, ikafunika nyumba, maduka na zahanati ambamo watu walikuwa wamejikinga mvua. Zaidi ya watu 300 walipotea. Mashine kubwa hazikuweza kupita katika njia zile, kwa hiyo wanajeshi na wananchi walichimba kwa majembe na sepetu. Mwezi wa Oktoba 2018 maafa yakarudi Bukalasi, na mwezi wa Novemba 2024 yakawapata watu wa Bulambuli. Waliochimbua maiti za watoto katika tope lile hawahitaji kuelezwa na sisi uchungu wake.

Sasa turudi kwenye meza ya makumbusho. Chukua sinia mbili zilizoinamishwa na kujazwa udongo, moja yenye nyasi na mizizi, nyingine tupu. Mwachie mtoto amwagie maji kwa kopo lenye matundu. Ataona sinia tupu ikipasuka ufa kwa juu, kisha udongo wote ukiteremka kwa mara moja. Mtoto aliyeona ufa huo katika sinia atautambua akiuona nyuma ya nyumba ya babu yake mlimani, na atapiga kelele mapema. Hatusemi kwamba elimu hiyo itazuia mvua kunyesha. Twasema kwamba yaweza kuwatoa watu nyumbani kabla mlima haujashuka, na kila mtu aliyetoka ni kaburi moja ambalo askari hatalichimba.

Majirani zetu wa Goma wanao ushahidi wa namna nyingine. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto wa mawe ukapita katikati ya mji hadi ukaingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikapasuka tena. Lakini hata wakati mlima umetulia, katika mabonde ya huko hutoka hewa nzito isiyo na rangi, ambayo wenyeji huiita mazuku. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima wameliazima neno hilo la Kiswahili na kuliandika katika vitabu vyao. Kwa kuwa hewa hiyo ni nzito, hulala chini. Mtu mzima aweza kupita amesimama akasalimika, na mtoto mfupi aliye nyuma yake akaanguka. Hapo, ndugu zetu, kumfundisha mtoto habari za ardhi ni sawasawa na kumfundisha kuvuka barabara.

Upande wa polisi nao una lake. Mwezi wa Desemba 2010, viongozi wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Lusaka wakakubaliana utaratibu wa kuthibitisha asili ya madini manne, yaani bati, wolframu, tantalamu na dhahabu, ili yasiwe chakula cha vita. Mwezi wa Agosti 2017, jeshi na polisi walitumwa kuwaondoa maelfu ya wachimbaji wadogo Mubende. Mwaka 2022 sheria mpya ya madini ikapitishwa, na ndani yake wachimbaji wadogo wakatambuliwa. Mambo yote hayo huangukia mikononi mwa askari aliye kwenye lindo la mpakani au kwenye lango la mgodi. Afunguapo gunia, naye hawezi kutofautisha mawe ya bati na kokoto za mtoni, sheria iliyoandikwa vizuri Kampala itamfaa nini? Na amkutapo mtoto akishika zebaki kwa vidole kuokotea chembe za dhahabu, atajuaje kwamba mtoto yule anatiwa sumu? Yampasa mlinzi wa mali kuijua mali aliindayo na hatari zake.

Wako wasemao kwamba makumbusho ni ya watalii na ya wenye nafasi, na kwamba mtoto wa askari yampasa kwanza ajue kusoma na kuhesabu. Hatukatai umuhimu wa kusoma na kuhesabu. Lakini kupima uzito wa jiwe ni hesabu, na kuandika jina lake na mahali lilipookotwa ni kusoma na kuandika. Wengine husema mchezo hauna nidhamu. La hasha! Askari mwenyewe hujifunza kulenga shabaha kwa mazoezi yaliyo kama mchezo kabla hajapelekwa vitani, wala hakuna asemaye kwamba uwanja wa shabaha ni mahali pa upuuzi.

Tena tukumbuke kwamba tukiyadharau mawe yetu, wengine hawayadharau. Huko Tervuren, Ubelgiji, liko jumba kubwa la makumbusho ya Afrika, ambalo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1910. Ndani yake watoto wa Wabelgiji huonyeshwa madini yaliyotoka Kongo. Si vibaya wao kujifunza. Aibu itakuwa kwetu, ikiwa mtoto wa Brussels atalitambua jiwe la bara letu, na mtoto aliyezaliwa juu ya jiwe hilo asilijue hata jina.

Basi yafanywe nini? Kwanza, wakuu wa kambi ambazo zina shule na magari wawatengee watoto siku moja ya kuzuru Entebbe au Kitante, nao walimu wawaandae kabla ya safari, kila mtoto awe na swali lake. Pili, kwa kambi zilizo mbali, kama Karamoja na mpakani mwa magharibi, lifanywe sanduku la mawe. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Askari huhamishwa huku na huku. Kila mmoja arudipo kutoka kikosi cha mbali na alete jiwe moja lenye karatasi inayoeleza lilipookotwa. Baada ya miaka miwili kambi itakuwa na makumbusho yake ndogo. Ila vitu viwili visiokotwe kamwe: mabaki ya mifupa ya kale, ambayo ni mali ya taifa na yapasa kuachwa mahali pake na kuripotiwa, na chuma chochote kifananacho na silaha. Mtoto afundishwe mapema kwamba si kila kigumu kilalacho ardhini ni jiwe.

Tatu, na hili halimngojei mkuu yeyote, kila mzazi aliye askari aanzie nyumbani. Jioni baada ya zamu, chukua kijiwe katika yale yaliyopakwa chokaa kando ya njia, kioshe, mpe mwanao na kisu butu, kisha umwulize: jiwe hili ni gumu au laini, na limetoka wapi? Akikujibu, mshukuru. Akikuuliza nawe hujui, usimkemee. Mwambie kwamba mtakwenda pamoja kuuliza. Nchi hii tumeapa kuilinda kwa silaha, nayo ni udongo na mawe kabla haijawa kitu kingine chochote.