Kutoka Amiri hadi Admeri

Mwanao akikuuliza kwa nini mkuu wa manowari huitwa admeri, na kwa nini wengine huandika admirali, usiishie kumfungulia kamusi ya Kiingereza. Neno hilo halikuzaliwa Uingereza. Shina lake ni la Kiarabu, nalo ni amri, neno tunalolitumia majumbani mwetu kila siku.

Kutokana na amri hupatikana amiri, yaani mwenye kuamuru. Khalifa wa pili, Umar bin al-Khattab, aliitwa Amiri wa Waumini. Na hadi leo Rais wa Tanzania ni Amiri Jeshi Mkuu. Hapo mwanzo cheo hiki hakikuhusu bahari.

Njia ya baharini ilipitia Sisilia. Waislamu waliutwaa mji wa Palermo mwaka 831. Wanormani walipouteka mwaka 1072 waliubadili utawala, lakini cheo cha amiri wakakibakiza. Katika karne ya 12, Mfalme Roger II alimpa George wa Antiokia, Mkristo aliyekijua Kiarabu, cheo cha amiri wa maamiri, naye akaziongoza merikebu zake za vita. Taratibu Ulaya ikazoea kumwita hivyo mkuu wa majini.

Kila taifa liliandika kwa kadiri ya sikio lake. Wafaransa waliandika amiral, Waitaliano ammiraglio, Wahispania na Wareno almirante, wakiitanguliza al ya Kiarabu. Waingereza nao waliandika amiral kabla ya kuichomeka herufi d. Herufi hiyo ilitoka wapi? Waandishi wa Kilatini walilifananisha neno hili na admirabilis, lenye maana ya mtu au kitu cha kustaajabiwa. Kosa likazoeleka, likawa ndiyo tahajia sahihi.

Tazama, basi, herufi moja ilivyofanya: mwenye kubeba dhamana ya amri akavikwa vazi la mwenye kustaajabiwa. Kosa hili si la Walatini peke yao. Mara ngapi mtoto huchaguliwa kiranja, nasi tukamsifia cheo bila kumkumbusha kazi?

Waislamu watatu wakisafiri, hufunzwa kumteua mmoja wao awe amiri wa safari. Hana manowari wala nishani. Ana wenzake wawili wa kuwafikisha salama. Mwanao akiuliza tena maana ya admeri, mwanzie hapo.