Baridi Haikuja kwa Siri

Sisi watu wa pwani tuna maneno mawili ya kitu tusichokuwa nacho. Theluji tumeipata kwa Waarabu, barafu kwa Waajemi, na yote mawili yametufikia kwa njia ya bahari, kama tende na mazulia. Katika sala ya jeneza twamwombea maiti aoshwe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe, na huku jasho latutiririka mgongoni. Nimeisoma dua hiyo tangu udogoni, na theluji kwangu ilikuwa jambo jema la mbali, jeupe na safi.

Februari 2021 nikaisikia kwa namna nyingine. Binti wa ndugu yangu anakaa Houston, katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Ni mji wa joto na unyevu kama wetu, usio mbali na bahari, na nyumba zake zimejengwa kwa kukimbia jua. Siku ya kwanza aliniletea picha za mitende iliyovikwa kofia nyeupe, na watoto wakicheka. Siku ya pili sauti yake ilikuwa si ile. "Ami," aliniambia, "stima imekatika tangu usiku wa manane. Maji yameganda ndani ya mabomba. Tumelala watu watano kitanda kimoja, na viatu miguuni."

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari, wasimamizi wa umeme wa Texas waliamuru watu wakatiwe, kwani mitambo ilikuwa inazimika mmoja baada ya mwingine. Baadaye walisema zilibaki dakika nne na sekunde 37 tu mtandao wote uanguke, na laiti ungaliangusha, kuuinua kungechukua majuma mengi. Nyumba na maduka zaidi ya milioni nne yakawa gizani, mengine kwa siku kadhaa. Huko Dallas baridi ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Mabomba yalipasuka, dari zikamwaga maji, na mamilioni ya watu wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa, nao hawana moto wa kuchemshia.

Serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, baadhi yao wakiwa vitandani mwao. Wengine waliwasha makaa ndani ya nyumba, au waliwasha gari katika banda lililoungana na nyumba wapate joto, wakavuta ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Hili twalijua vizuri. Ni mara ngapi tumesikia juu ya watu waliofunga madirisha na jiko la makaa limo chumbani, wasiamke asubuhi?

Basi wakatokea wa kusema kwamba hii ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na nani awezaye kushindana nayo. Baridi ni kudura, nakubali. Ila bomba la gesi lililoachwa uchi bila kufunikwa, hilo ni hesabu ya fedha ya mtu fulani aliyeketi ofisini. Wanasiasa nao wakaona rahisi kuvilaumu vinu vya upepo. Vinu viliganda kweli, lakini upungufu mkubwa kuliko wote ulitoka kwenye gesi, ambayo ndiyo fahari ya jimbo lile. Tena Texas imejitenga na mtandao wa umeme wa majimbo jirani kwa kutotaka kusimamiwa na serikali kuu, na siku ya shida jirani hakuweza kumpa ila kidogo.

Tena si kwamba hawakuambiwa. Baridi ya namna hii iliwakata umeme Desemba 1989, ikarudi Februari 2011. Baada ya hiyo ya 2011 wakaguzi wa serikali kuu waliandika taarifa ndefu wakashauri mitambo ivikwe nguo za baridi. Ushauri ukabaki ushauri. Atakaye afanye, asiyetaka aache.

Mambo haya yamenikumbusha Johannes Rebmann, yule mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, hapa nyuma ya Mombasa. Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na weupe kileleni. Kiongozi wake wa njia alipoulizwa ni kitu gani kile, alijibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaandika habari hiyo Ulaya, na bingwa mmoja wa jiografia huko London, ambaye hakuwahi kukanyaga bara letu, akamkanusha kwa miaka mingi. Alikuwa na hoja zake na vitabu vyake, na mlima ukabaki palepale. Nawaona watu wa Texas wale wenye madaraka wakiwa jamaa ya bingwa yule.

Na asiyesadiki aende El Paso. Mji huo umo ndani ya Texas, lakini umeme wake umeungana na majimbo ya magharibi. Uliumwa na baridi ile ya 2011, na shirika lake la umeme likatoa fedha kuikinga mitambo. Februari 2021 baridi ilipofika tena, waliokatiwa walikuwa wachache, tena kwa dakika chache tu.

Juni 2021 gavana wa Texas alitia saini sheria ya kuyalazimisha makampuni ya umeme yajitayarishe kwa baridi. Desemba 2022 baridi kali ilirudi. Safari hii wasimamizi wa Texas hawakutoa amri ya kukatia watu umeme. Kazi iliyokawia miaka kumi ilikuwa imeanza kuonekana kwa miezi 18, na wale 246 walikuwa wamekwisha kuzikwa.