Utetezi wa Mkahawa wa Ukoo

Msomaji kijana, liko jambo ambalo wasomi wetu wa pwani ya kusini hulitenda bila ya haya, na ni wachache wanaowakemea. Kijana wa Msambweni akipata mshahara wake wa kwanza humkwepa bibi aliyemlisha mahamri na mbaazi tangu utoto, akapanda gari mpaka Diani kununua chipsi na kuku aliyelala katika friji siku kadhaa. Akiulizwa sababu hujibu kwamba mkahawa wa bibi ni wa wavuvi na wachukuzi. Nataka kubishana na jawabu hilo, maana hatari iliyomo ndani yake ni kubwa kuliko ya tumbo.

Kwanza tukijue tunachobishania. Mkahawa wa ukoo ni nyumba ya kula ambayo mama humwachia bintiye, au shangazi humwachia mpwa wake, pamoja na sufuria, mafiga na wateja. Toka Likoni hadi Lunga Lunga nyumba za namna hiyo zingaliko: paa la makuti au la mabati, mabenchi mawili matatu, na moshi unaotoka uani. Hazina karatasi ya orodha ya vyakula. Mteja huuliza, "Leo kumepikwa nini?" na jawabu hutegemea bahari na shamba: changu au tafi, pweza, kunde, wali wa nazi, sima, muhogo.

Wapo wanaodhani kwamba upishi huo ni kazi ya mtu asiyesoma. La hasha! Chukua nazi peke yake. Hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa katika kifumbu. Tui la kwanza, ambalo ndilo kasimele, huwekwa kando. Tui la pili, lililo jepesi, hutangulia motoni kuivisha mchuzi. Kasimele hutiwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa na upawa ukizunguka taratibu, kwa kuwa tui zito likitokota ovyo hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Samaki wa kupaka hubanikwa kwanza juu ya makaa, ndipo akapakwa tui lililokolezwa ukwaju, pilipili na kitunguu thomu. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake. Mpishi huyatwanga kinuni, akayachemsha kwa muda mrefu, na yakitoka jikoni yamekuwa kisamvu kisichomdhuru mtoto. Mchunga ni mboga chungu kama jina lake, na anayejua huuchanganya na mboga nyingine mpaka uchungu ukageuka kuwa utamu wa aina yake. Mwalimu wa kemia angehitaji vipindi kadhaa kuyaeleza haya, na bado asingeweza kuyapika.

Elimu hiyo, kwa sehemu kubwa, haimo vitabuni. Imo mikononi mwa watu wanaoitumia kila siku, nao huitumia kila siku kwa sababu wako wanunuzi. Mnunuzi akiondoka, mikono hupumzika. Na mikono iliyopumzika kwa kizazi kimoja haina cha kukifundisha kizazi kinachofuata.

Hapo atanijibu mtu kwamba serikali na mataifa wanayalinda mambo haya. Ni kweli kwamba mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda, pamoja na Kaya Kinondo iliyo hapo Diani, iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Ni kweli pia kwamba mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika daftari lake la mifano mizuri kazi iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007 ya kuvihifadhi vyakula vya asili. Nafurahi. Lakini msitu husimama hata usipoutembelea, na chungu hakichemki kwa cheti. Ziko hoteli za watalii ambazo hutenga usiku mmoja wa juma, wakaleta ngoma, wakauita usiku wa Kiswahili. Kesho yake samaki wa kupaka hajulikani tena jikoni. Na sisi shuleni hatuwazidi kwa wema: siku ya utamaduni twamvika mwanafunzi leso na kumpa kifumbu akishike apigwe picha.

Tazama sasa nchi ya watu wengine. Katika mji wa Barcelona, kwenye jimbo la Catalonia huko Uhispania, uko mkahawa uitwao Can Culleretes. Ulianza mwaka 1786, wakati ambao Mazrui walikuwa wakitawala Mombasa, na hata leo uko mikononi mwa ukoo, ukiuza vyakula vya Wakatalani. Wakatalani hao, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1939 mpaka kufa kwa Franco mwaka 1975, waliiona lugha yao ikifukuzwa katika shule na ofisi. Jikoni haikufukuzwa. Wakili, mwalimu na mfanyabiashara wa mji ule huona fahari kumpeleka mgeni wake kula soseji na maharage katika nyumba ya kale, nao hawasemi kwamba hicho ni chakula cha wachukuzi, ingawa wachukuzi nao hukila.

Mjuzi mmoja ataruka aseme, "Hata hicho unachokitetea si chetu, muhogo ulitoka Amerika, na nazi ilivuka bahari kutoka Asia." Amesema kweli, na hoja yake haimsaidii. Maharage ya Mkatalani yalitoka Amerika vilevile, na nyanya anayoisugua juu ya mkate wake pia. Chakula huwa cha watu kwa vile wanavyokipika. Kasimele ya Msambweni haikuletwa na jahazi lolote.

Yako mashtaka mawili mazito zaidi, nami sitayaficha. La kwanza ni uchafu. Iko mikahawa ambayo maji ya kunawa hukaa katika ndoo toka asubuhi hata jioni, na nzi ndio wanaoonja kwanza. Mwenye mkahawa wa namna hiyo aambiwe wazi. Sabuni na maji safi havijapata kuharibu ladha ya mchuzi. La pili ndilo linaloniumiza mimi niliye mwalimu. Katika koo nyingine kazi ya jikoni huangukia msichana, akachelewa shule kwa kukuna nazi, na mwishowe akaiacha. Mkahawa unaosimama juu ya mgongo wa mtoto sina neno la kuutetea. Lakini sababu ya msichana kubebeshwa mzigo ule ni mbili: sahani huuzwa kwa bei ndogo hata mwenyewe hawezi kumwajiri mtu mzima, na kaka zake wamefundishwa kwamba jikoni si mahali pao. Wewe unayelipa bei ya Diani kwa chipsi bila kunung'unika, ukifika kwa bibi huomba upunguziwe shilingi kumi. Wataka nani alipie pungufu hiyo?

Nawe mvulana unayesoma kurasa hizi, je, umepata hata siku moja kuketi juu ya mbuzi ukakuna nazi?