TAHARIRI: Mezani tupeleke wanaolijua shamba

Kila serikali zetu zinapokwenda kujadili biashara na mataifa makubwa, wengi wetu huuliza watarudi na kiasi gani cha msaada. Sisi tunadhani swali la kwanza lingekuwa hili: nani amekaa upande wetu wa meza, na anamjua kiasi gani mkulima anayemsemea?

Tutoe mfano wa mtu aliyekaa upande wa pili. Clayton Yeutter alizaliwa mwaka 1930 Eustis, mji mdogo wa jimbo la Nebraska, Marekani. Alisomea sheria, akapata udaktari wa uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Nebraska, akafundisha hapo hapo huku akiendesha shamba. Miaka ya 1970 alifanya kazi Wizara ya Kilimo, kisha katika ofisi ya mazungumzo ya biashara. Kuanzia 1978 hadi 1985 aliongoza Chicago Mercantile Exchange, soko ambako bei ya ng'ombe hupatanwa miezi kadhaa kabla ng'ombe mwenyewe hajafika machinjioni. Ndipo Rais Reagan alipomteua kuwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo, na mwaka 1989 akawa Waziri wa Kilimo chini ya Rais George H. W. Bush.

Kwa hiyo Duru ya Uruguay ilipofunguliwa Septemba 1986, Marekani ilikuwa na msemaji aliyepita shambani, darasani, wizarani na sokoni. Mwaka 1987 ilipendekeza ruzuku zote za kilimo zinazovuruga biashara zifutwe ndani ya miaka 10. Ulaya ikakataa. Mazungumzo yakakwama Brussels Desemba 1990 kwa sababu ya kilimo hicho hicho, na mkataba ukasainiwa Marrakesh mwaka 1994. Januari 1995 Shirika la Biashara Duniani, WTO, likaanza kazi.

Hatumpambi mtu. Yeutter aliwatetea wakulima wa kwao, si wa Shinyanga wala Kitale. Tena Marekani iliyodai ruzuku zifutwe ilikuwa tangu 1985 na mpango wake wa kuwalipa wauzaji wa ngano ili waiuze nje kwa bei ya chini. Nchi tajiri zilikubali kuachana na ruzuku za kuuza mazao nje Desemba 2015, katika mkutano wa WTO uliofanyika Nairobi. Hesabu wewe mwenyewe msomaji: miaka 28 tangu pendekezo lile. Muda wote huo mkulima wetu alishindana na hazina za wenzake.

Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Kenya ilisaini wake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Hapa hatuamui nani alipatia. Tunachosema ni kwamba uamuzi wa namna hiyo haufai kupimwa kwa hotuba. Unataka mtu anayeweza kukaa na karatasi akaonyesha ushuru ukiondolewa kwenye bidhaa fulani nani atapoteza soko, wapi, na kwa shilingi ngapi.

Watu wa kufundisha wataalamu hao tunao. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kipo tangu 1984, na Watanzania na Wakenya waliosomea fani hii wako pia huku ughaibuni. Kinachohitajika ni njia ya kupita: mhadhiri aende wizarani miaka mitatu, ajifunze soko la mazao linavyokwenda, akae Geneva kwenye mazungumzo, kisha arudi kufundisha bila kupoteza cheo wala mafao yake. Na asing'olewe kwa sababu tu waziri amebadilika.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tukiwa tunataka bei nzuri ya kahawa na pamba, tuanze kuwaandaa sasa watakaoidai.