Geti la umeme lisigeuke mtego

Mjini Kakamega mvua na radi si wageni. Basi ukiwa na geti la umeme, lichunguze kila mwezi. Weka katoni tupu njiani, kisha ulifunge: likiiponda badala ya kusimama, acha kulitumia umwite fundi. Zima umeme, fagia reli, upanguze vile vijicho vya pembeni; buibui hupenda kutanda hapo. Hakikisha vizuizi vya mwisho wa reli vimeshika, maana geti likichomoka humwangukia mtoto.

Je, mtoto akiugua usiku na stima zimepotea, kama zilivyopotea karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, utatokaje? Ufunguo wa kulifungua kwa mkono uko wapi? Waonyeshe wote nyumbani. Rimoti nayo si kidude cha kuchezea.